Pingili ya Saba

Mama mkwe wangu tulimzika mwezi uliopita. Kwenye msiba watu walisema mengi mazuri: kwamba alikuwa msafi, kwamba alipenda wajukuu, kwamba hakuwahi kugombana na jirani hata mmoja. Hilo la mwisho si kweli, na majirani waliolisema walilijua. Lakini hakuna aliyetaja siku ile ya ghalani wala wiki zilizofuata, kwa kuwa wengi hawakuwepo. Mume wangu alipoitwa aseme neno la mwisho kwa mama yake, alisimama, akafungua mdomo, akakaa tena. Basi naandika mimi. Niliishia kidato cha nne, lakini nilikuwepo tangu mwanzo, na sitaki yapotee.

Mume wangu alikuwa kuli kwenye ghala la saruji na sukari. Wenzake walimwita Mabega, na ukimwona usingeuliza kwa nini. Kuli habebi gunia kichwani. Huliweka kwenye kisogo, likalala juu ya shingo na mabega yote mawili, akainamisha kichwa na kutembea akitazama vidole vyake vya miguu. Miaka kumi na miwili ya kazi hiyo ilikuwa imemjaza nyama shingoni mpaka fundi cherehani akawa ananiambia niache kumletea mashati yenye kola, nimletee magunia ayatoboe tu.

Mama yake alikuwa mfagiaji wa hospitali. Alipiga deki wodi ya mifupa kwa miaka kumi na tisa, kisha akastaafu na kuhamia kwetu. Hakuwa muuguzi, na ukimwita muuguzi alikusahihisha. Ila mtu anayepiga deki chini ya vitanda miaka yote hiyo husikia kila neno ambalo madaktari wanawaambia wanafunzi wao, maana hakuna anayemnyamazia mfagiaji.

Mimi na yeye hatukuwa tunapendana sana wakati huo. Alisema napika kama ninayekimbizwa. Mimi yangu niliyasema moyoni, kwa sauti sikuthubutu.

Siku hiyo mume wangu alikuwa amesahau chakula chake cha mchana. Nikasema nitampelekea. Mama akasema nilivyokipakia kingefika kimekuwa uji, akaufunga upya mfuniko kwa kitambaa, akakibeba mwenyewe, tukaenda wote. Njia nzima hatukuzungumza.

Tulipoingia ghalani tuliwakuta makuli wamesimama duara. Nyapara ndiye aliyetueleza: gunia la juu kabisa kwenye rundo lilikuwa limepangwa vibaya, likateleza, likamwangukia Mabega kwenye kisogo akiwa ameinama kuchukua jingine. Alianguka kifudifudi, akajipindua mwenyewe, na sasa amelala chali. Nilipenya katikati yao. Alikuwa macho, anaongea. Alikuwa anawaambia wenzake waache kumtazama kama maiti, wamletee maji.

Ghala lile lilikuwa na desturi yake. Kuli akianguka hainuliwi polepole. Anasimamishwa pale pale, kwa sababu waliamini mwili ukipoa chini haurudi kazini. Na kabla ya kusimamishwa ananyooshwa shingo. Alikuwepo kuli mmoja mzee kidogo, wao wakimwita Mnyooshaji, mwenye vidole gumba kama michi ya kinu. Kila Jumamosi baada ya kazi watu walipanga foleni mbele yake. Anashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anavuta, anapinda, shingo inalia kama kuni kavu, watu wanacheka, na aliyenyooshwa anaondoka amepata nafuu. Mume wangu alikuwa amenyooshwa naye labda mara mia.

Mnyooshaji alikuwa ameshapiga magoti. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kidevu.

Sikumwona mama akikimbia. Niliona tu chakula kimewekwa chini, na yeye ameushika mkono wa Mnyooshaji kwenye kiwiko.

"Toa mkono," alisema.

"Mama, shingo imekaza tu. Nikiivuta mara moja anasimama."

"Ukiivuta mara moja huenda asisimame tena. Toa mkono, baba."

Nadhani lilikuwa lile "baba", jinsi alivyolisema kwa upole, ndilo lililomfanya autoe. Mama akapiga magoti nyuma ya kichwa cha mwanawe, akaegemeza viwiko sakafuni kwenye vumbi la saruji, akakishika kichwa kwa mikono miwili kando ya masikio. Akamwambia akitaka kujibu ajibu kwa mdomo, asitikise kichwa wala kugeuka kumtazama yeyote.

"Mama, watu wananiangalia," mume wangu alisema.

"Waangalie. Nimekuogesha mbele ya watu wengi kuliko hawa."

Makuli wakacheka, naye akacheka, na mama akamkataza kucheka.

Nyapara alitaka aondolewe njiani. Malori yalikuwa yanasubiri. Alisema akalishwe kwenye kiti ofisini apumue, halafu ataamua mwenyewe kama anaendelea. Mama hakumtazama. Alisema anataka ubao mrefu kuliko mtu. Mbao za kupandia lori zilikuwa nyembamba mno. Basi wakaenda kuung'oa mlango wa ofisi. Nyapara alianza kusema ule ni mlango wa kampuni, na kabla hajamaliza sentensi ulikuwa umeshalala sakafuni bila bawaba.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe wangu akifikiri. Aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, kisha akawauliza mashine inayobebwa na watu wanne huwa wanaiinuaje. Wakasema kwa kuhesabu. Akauliza nani anahesabu. Wakasema anayeona mbele.

"Leo anahesabu anayeshika kichwa," alisema. "Bega, kiuno na miguu vinakuja pamoja kama gogo. Atakayetangulia nitamjua, na hatabeba tena kitu mbele yangu."

Akahesabu. Kwenye tatu, mwili wa mume wangu uligeuka ubavu, wote kwa pamoja, kichwa kikiwa sawa na kifua kana kwamba vimechongwa mti mmoja. Nikausukuma mlango chini yake. Akahesabu tena, wakamrudisha. Tangu siku hiyo nimeona wauguzi wengi wakimgeuza mtu, na wanafanya vizuri, lakini sijaona waliofanya kwa umoja kama makuli wale. Tuliweka pakiti mbili za sukari kila upande wa kichwa, nikavua kitambaa changu cha kichwa, tukakipitisha kwenye paji la uso na kukifunga kwenye mlango. Wakampakia kwenye lori moja, likaenda mwendo wa mtu anayetembea. Mama alikaa nyuma kwenye bodi, mikono ikiwa pale pale.

*

Chumba cha dharura kilikuwa kimefurika. Basi dogo lilikuwa limepinduka asubuhi hiyo na majeruhi walilala hadi koridoni. Aliyetupokea alikuwa daktari kijana, macho mekundu kwa uchovu. Nataka niandike wazi kwamba hakuwa mtu mbaya. Alimvalisha mume wangu kola ngumu ya shingo kabla ya kumgusa popote. Akamuuliza kama alizirai, kama alikunywa pombe. Akapitisha vidole katikati ya kisogo bila kukiinua kichwa, akibonyeza mfupa mmoja baada ya mwingine. Akamwambia abane vidole vyake, ainue miguu, asukume kwa nyayo. Akamuuliza kama kuna mahali pana ganzi.

Mume wangu alijibu yote kwa neno moja: "Sina neno, daktari." Kuhusu maumivu alisema ni ya kawaida, ya kazi.

Lazima nieleze. Ghalani, kuli akisema mkono wake una ganzi hapewi mzigo. Kila mmoja wao ana mkono unaolala, na kila mmoja ataapa mbele ya mtu yeyote kwamba hana. Wamelizoea hilo hata hawalihesabu kuwa ni uongo. Ni kama kusema "nzuri" ukiulizwa habari za asubuhi.

Akapelekwa kupigwa picha, akarudishwa. Daktari aliiinua picha kwenye taa ya ukutani, akaitazama, akasema pingili zimepangana vizuri na misuli ndiyo iliyoshtuka. Kola itolewe, akalishwe taratibu, apewe dawa za maumivu, arudi nyumbani. Muuguzi akaja akaifungua kola. Mume wangu alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyeachiliwa, akaanza kujiinua kwa kiwiko.

"Lala," mama alimwambia. Kisha akamgeukia daktari, akamwomba kwa adabu aione picha.

Akaachiwa. Aliisogelea, akainua kidole bila kuigusa, midomo ikitembea. Akaanza upya kutoka juu. Mara ya tatu alishusha mkono.

"Daktari, nahesabu sita."

"Sita nini, mama?"

"Pingili. Shingo ina saba. Hapa kuna sita, halafu ni weupe mtupu."

Daktari akamuuliza, bila dharau lakini kwa haraka, kama yeye ni mtu wa afya. Mama akasema yeye ni mfagiaji. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mama akaendelea kana kwamba hakusikia: kwamba amefagia wodi ya mifupa miaka kumi na tisa, na daktari mkubwa wa pale alikuwa na tabia ya kumfukuza mwanafunzi yeyote aliyemletea picha yenye pingili sita, akimwambia aende koridoni akahesabu hadi ajue saba inakuja baada ya ngapi.

Daktari akaitazama tena. Akakiri. Akasema mabega ya mgonjwa ni makubwa mno, yameifunika pingili ya chini, na jambo hilo hutokea kwa watu wa kazi za nguvu. Lakini, akasema, mgonjwa hana ganzi, hana udhaifu, anaongea vizuri, na huko nje kuna watu thelathini. Mgonjwa mwenyewe anasema hana neno.

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo tulipokwama. Mama akamwinamia mwanawe, akamuuliza kama mkono anausikia. Akajibu anausikia. Akajibu kwa hasira, meno yamebana, kwamba kesho kuna mzigo mkubwa na asipotokea nafasi yake kwenye genge itachukuliwa, na kwamba ameaibika vya kutosha kwa siku moja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema.

"Sifichi kitu, mama."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Mikono iliyokuwa imekishika kichwa kile karibu saa mbili akaipangusa kwenye nguo yake.

Yeye alimzaa, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimsikiliza kila jioni akiniambia hakuchoka. Nilijua kwamba ukimuuliza mume wangu swali, umeshapoteza. Kwa hiyo sikumuuliza. Nilichomoa pini iliyoshika blauzi yangu, nikasogea kitandani, nikamwambia afumbe macho.

"Ya nini?"

"Nifumbie tu. Uniambie nagusa kipi."

Nikagusa gumba. Akasema gumba. Nikagusa cha kati, akasema cha kati, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemvumilia mtoto. Kisha nikachoma kidole kidogo. Nikachoma tena kwa nguvu zaidi, tone la damu likatoka. Yeye alikuwa amelala amefumba macho, akingoja.

"Mbona huendelei?" aliniuliza.

Wa kitanda cha pili hakucheka. Daktari alikuwa ameshafika mlangoni, akarudi. Akachukua sindano yake safi, akarudia mwenyewe, mkono huu na ule. Kidole kidogo, nusu ya cha pete, na upande wa ndani wa mkono hadi karibu na kiwiko: hakuna hisia. Akampa karatasi aibane katikati ya vidole viwili, akaivuta. Ilitoka kama iliyokuwa imewekwa juu ya meza. Uso wa daktari ulibadilika. Akaenda mwenyewe nyuma ya kitanda, akakishika kichwa pale pale mama alipokuwa amekishika, akamwambia muuguzi afunge kola tena na kwamba asiwepo mtu wa kumkalisha huyu.

Kisha akasema, "Nisamehe, mama."

"Samahani tutaizungumza baadaye," mama alisema. "Itafute ya saba."

*

Fundi wa picha alisema pingili haitaonekana bila mabega kushuka. Mtu avute mikono yote miwili kuelekea miguuni, taratibu, kwa nguvu sawa, bila kutikisa, daktari akiwa ameshika kichwa. Na mgonjwa akisikia kitu kipya chochote, aseme, waache papo hapo. Muuguzi alikuwa mmoja na ana vitanda kumi. Fundi akauliza kama tuna mtu mwenye mikono ya uhakika.

Mnyooshaji alikuwa amekuja na lori. Alikuwa amekaa koridoni tangu tufike, kofia magotini, hakuna aliyemsemesha.

"Mwiteni yule mwenye vidole," mama alisema.

Nilimtazama nikidhani amesahau ya ghalani. Alinijibu bila mimi kuuliza: kwamba mtu aliyeponea chupuchupu kuua huwa mwangalifu kuliko wote. Wakamvalisha Mnyooshaji aproni nzito ya risasi, ya kuzuia mionzi, akaingia. Sisi tulibaki nje ya mlango. Alipotoka jasho lilikuwa limemlowanisha kifua chote.

"Shemeji," aliniambia, "ningemuua."

Nilimwambia hakumuua. 

Picha hiyo ilikuwa na saba. Ya saba ilikuwa imesogea mbele, imeikalia iliyo chini yake vibaya, kama kitabu kilichosukumwa kwenye rundo kikabakia kuning'inia. Daktari kijana hakungoja; alimpigia simu bingwa wa mifupa. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wote wanyamaze ili wamsikie. Alitueleza bila kuzungukazunguka. Ndani ya pingili kuna tundu, na ndani ya tundu unapita uti. Tundu limepinda, uti haujakatika, mshipa mmoja wa fahamu umebanwa. Kama angekalishwa, alianza, kisha hakumaliza. Kulikuwa na njia mbili: upasuaji kwenye hospitali kubwa, safari ya siku nzima kwenye barabara mbovu, au kuivuta shingo kwa mawe ya uzito hapa hapa, sasa, akiwa macho. Akasema angechagua ya pili, kwa sharti moja. Akamwinamia mume wangu.

"Kila nikiongeza jiwe nitakuuliza unasikiaje. Mimi sioni ndani yako. Wewe ndiye jicho langu. Ukinidanganya mara moja, miguu hii huenda isirudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Wewe ni mtu wa kusema kweli?"

Mama ndiye aliyejibu. "Leo atakuwa."

Walimnyoa juu ya masikio, wakamdunga sindano za ganzi kichwani, wakafunga chuma chenye misumari miwili iliyouma fuvu huku na huku. Kamba ilitoka kwenye chuma hicho, ikapita juu ya gurudumu kwenye kichwa cha kitanda, ikashuka na kuning'inia. Jiwe la kwanza lilikuwa la kilo tano. Mashine ya picha ilisukumwa hadi kitandani. Walipiga picha, bingwa akaangalia, akauliza: vidole vya miguu? Mikono? Pumzi? Kuna kipya?

"Vizuri," mume wangu alisema.

"Vizuri si jibu. Nitajie."

Ikawa hivyo mchana wote. Kila baada ya jiwe, aliambiwa ataje, na kila mara alianza na "vizuri" na kila mara alirudishwa. Mama alisimama miguuni, akikwaruza nyayo kwa ukucha, akiuliza ni mguu gani. Mimi nilisimama alipoweza kuniona bila kugeuka. Kilo saba. Kilo kumi. Kwenye kumi na tano alinyamaza.

Bingwa akangoja. Mume wangu aliangalia dari. Niliiona taya yake ikikaza, ule mkao wa kuli chini ya mzigo uliomzidi, ambao hatausema. Nilitaka kumsemea. Mama alinikamata mkono.

"Ganzi imepanda," mume wangu alisema hatimaye, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ilikuwa mkononi. Sasa iko kwapani. Halafu naogopa."

"Ahsante," bingwa alisema, na jiwe la mwisho lilikuwa limeshatoka kabla hajafunga mdomo.

Walipiga picha. Walimpima upya kutoka mabegani hadi vidole vya miguu, nguvu na hisia, kila mahali. Wakangoja nusu saa. Ganzi ikashuka ilikotoka. Bingwa akabadilisha kidogo mwelekeo wa kamba, akaweka blanketi lililokunjwa chini ya mabega, akaanza tena kwa vijiwe vidogo, kimoja kimoja, akiuliza zaidi na kuongeza kidogo. Sasa mume wangu alisema kila kitu. Alisema hata pua inamwasha. Jua lilikuwa limefika dirisha la pili aliposema, "Kuna kitu kimekaa."

Picha ilipotoka, bingwa hakuitazama kwa muda mrefu. Aliigeuza, akampa mama.

"Hesabu."

Mama alihesabu kwa sauti. Mpaka saba, moja juu ya nyingine, mstari mmoja. Kisha akatoka koridoni, akakaa sakafuni, akajifunika uso. Sikumfuata.

*

Kuvuta ni siku moja, kungoja ni wiki sita. Walipunguza mawe yakabaki ya kushikilia tu, na mume wangu akalala chali, chuma kichwani, asiweze kugeuka. Mwili wa mtu asiyegeuka huoza akiwa hai. Hivyo ndivyo mama alivyoniambia, na hakuona haja ya kuipamba. Kila saa mbili ageuzwe kama gogo, na kila kumgeuza kunahitaji watu wanne, mmoja wa kichwa. Wauguzi hawakutosha. Mama akapanga zamu. Makuli walikuja watatu watatu, wakiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi, wananawa hadi kwenye viwiko kwa amri yake. Aliyekuja ananuka pombe alipewa miguu, na kila mtu alijua maana ya kupewa miguu. Kichwa alikishika mwenyewe.

Alikagua visigino na makalio ya mwanawe kwa kioo cha mkononi, bila aibu. Alimlazimisha kupuliza mapovu kwenye glasi ya maji kwa mrija, mara ishirini asubuhi na ishirini jioni, ili mapafu yasilale. Wiki ya tatu mume wangu alikataa kula. Alisema mawe yatolewe, liwalo na liwe, amechoka kutazama dari.

"Dari kama hilo nimelipangusa miaka kumi na tisa na halijawahi kunichosha," mama alisema. "Kula. Ukipona nitakutafutia ufagio, ulitazame kwa karibu."

Alikula. Alikula akilitukana dari, lakini alikula.

Wiki ya nne, asubuhi moja, watu walikuwa wamekwisha kujipanga, mikono chini ya mwili. Mama alikishika kichwa, kisha akakiachia taratibu kwenye mto. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alinitazama.

"Mikono yangu haishiki tena," alisema. "Njoo. Kichwa ni chako."

Sikuwa tayari, na sikusema hivyo. Nilisimama alipokuwa amesimama. Alinisogeza vidole nyuma ya masikio, akaniambia nisibane, nishike kama ninavyoshika yai la mtu mwingine. Nikahesabu. Tulimgeuza. Siku tatu alisimama nyuma yangu akisahihisha: kiwiko, pumzi, usihesabu haraka, unahesabu kama unavyopika. Siku ya nne hakusema kitu. Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye benchi, amelala usingizi, mdomo wazi.

Hakuwahi kunisifu kwa maneno, siku ile wala miaka kumi na mmoja iliyofuata.

Wiki sita zilipotimia walifungua chuma, wakamvalisha kola, wakapiga picha, wakaanza kuinua kitanda kidogo kila siku, maana mtu aliyelala muda wote huo akiinuliwa ghafla damu humkimbia. Miguu ilikuwa imekonda kama ya mtoto. Siku ya kusimama mama aliwatoa makuli wote nje, akianza na Mnyooshaji, akasema hapa si uwanja wa mpira. Tulibaki watatu.

Alisimama, magoti yakagonganagongana, akakaa. Akasema kesho. Mama akasema leo. Alisimama tena, akashika nguzo ya kitanda, akaiachia, akapiga hatua. Tulikuwa tumekubaliana aende hadi dirishani, lakini yeye alielekea kwenye sinki la ukutani. Ilimchukua muda mrefu kufika. Akaegemea ukuta, akanyoosha mkono wa kulia, ule ambao kidole chake kidogo hakijapata hisia hadi leo, akafungua bomba. Akanawa uso. Akarudia, na tena, maji yakimchuruzika kwenye kola, ametugeuzia mgongo.

Muuguzi akachungulia, akasema maji yanapotea.

"Atamaliza," mama alisema.

Bomba lile lilikuwa bovu, gumu kulifunga; kwa wiki sita mimi nilikuwa nalifunga kwa mikono miwili. Alilishika kwa mkono ule ule wa kulia, peke yake. Lilikataa. Akalishika vizuri zaidi, akaminya midomo, akalizungusha mpaka tone la mwisho likakatika.